Kuongea Kiingereza Ukiwa Mtu Mzima: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Nafundisha Kiingereza cha jioni hapa Arusha. Wanaokuja ni waongoza watalii, wahudumu wa hoteli, wauza vinyago na vitenge, manesi, mafundi, na wazazi ambao watoto wao wanasoma shule za Kiingereza. Karibu wote walipita sekondari. Maswali yao yanafanana mno, kwa hiyo nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yangu, kwa lugha ileile tunayoongea darasani. Jambo moja utaliona likijirudia: wengi wanasubiri woga uwatoke ndipo waanze kuongea, na ndiyo maana hawaanzi. Woga hutoka baada ya kuongea, tena kidogo kidogo. Sijawahi kuona ukitoka kabla.

Nina miaka 45. Sijachelewa?

Inategemea unataka nini. Ukitaka usikike kama mtu aliyezaliwa London, ndiyo, umechelewa, na mimi pia nimechelewa. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya mtihani wa mtandaoni uliofanywa na watu zaidi ya 660,000, wakaona kwamba uwezo wa kunasa sarufi ya Kiingereza kama mzawa unabaki imara hadi karibu miaka 17, halafu unashuka. Sitaki kukuficha hilo.

Ila kuongea vizuri ni jambo moja na kufanana na mzawa ni jambo jingine. Joseph Conrad alizaliwa mwaka 1857 katika familia ya Kipoland, na Kiingereza alianza kujifunza akiwa baharia aliyevuka miaka 20. Leo anahesabiwa kati ya waandishi wakubwa wa lugha hiyo, na lafudhi yake ya kigeni ilibaki nzito hadi alipofariki mwaka 1924.

Halafu mtu mzima anayo mali ambayo mtoto hana. Nesi aliyekaa wodini miaka kumi anajua mgonjwa anaulizwa nini kwanza na nini baadaye, anajua jibu lipi ni la hatari, anajua kutuliza mtu. Anachokosa ni maneno ya Kiingereza ya kazi ambayo tayari iko mikononi mwake. Mtoto anabeba vyote viwili kwa pamoja: kujifunza dunia na kujifunza lugha.

Nilisoma sekondari kwa Kiingereza miaka minne. Mbona nashindwa hata kumwelekeza mtu njia?

Kwa sababu kuongea hukufundishwa. Shule zetu za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtoto anamaliza darasa la saba, anaingia kidato cha kwanza, na ghafla biolojia, historia na jiografia zote zimegeuka Kiingereza. Unakumbuka ilivyokuwa: mwalimu anaandika notisi ubaoni kwa Kiingereza, anazieleza kwa Kiswahili ili mpate kuelewa (na alifanya vema, la sivyo nani angeambulia kitu?), nyie mnanakili, mnakariri, mnakwenda kuandika mtihani. Mtu anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuwahi kusema sentensi kumi mfululizo kwa mdomo wake mwenyewe.

Wengine walipata kibaya zaidi: shule zilizowavalisha wanafunzi kibao shingoni au kuwachapa kwa sababu wameongea Kiswahili. Nimekaa na watu wazima ambao hadi leo wakiulizwa kitu kwa Kiingereza mabega yanapanda. Ukimwadhibu mtoto kwa lugha anayoijua, hatageuka kuongea asiyoijua. Atanyamaza, na kunyamaza huko atakubeba hadi ukubwani.

Habari njema ni kwamba ulichokariri hakijapotea. "Photosynthesis", "transport", "agriculture", "independence", yote yamo. Hujaanza sifuri hata kama unajiona hivyo, na ndiyo maana watu waliopita sekondari huchangamka haraka kuliko wanavyotarajia mara wakianza kutumia mdomo.

Nikisikiliza naelewa, lakini nikitaka kujibu ulimi unakuwa mzito. Tatizo ni nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote.

Kuelewa na kusema ni kazi mbili tofauti. Ukisikia neno "receipt", unatakiwa kulitambua tu. Ukitaka kulisema, ni lazima ulitafute mwenyewe, ulipange na mengine, ulitamke, na yote hayo kwa sekunde moja huku mteja amekutolea macho. Kazi hii ya pili haipati nguvu kwa kusoma zaidi wala kusikiliza zaidi. Inapata nguvu kwa kusema.

Zoezi ninalolitegemea ni la kurudia habari ileile kwa muda unaopungua. Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji lugha wa New Zealand, amelieneza sana, na kwa kawaida huitwa nne-tatu-mbili. Chagua jambo unalolijua kabisa: unavyopika makande, unavyobadilisha tairi, njia ya kutoka stendi hadi kwako. Lieleze kwa Kiingereza kwa dakika 4, hata ukikwamakwama. Mtafute msikilizaji mwingine, au washa tena kinasa sauti cha simu, ulieleze hilohilo kwa dakika 3. Kisha kwa dakika 2. Usiongeze habari mpya na usikimbilie kamusi katikati.

Dereva mmoja wa watalii alichagua kueleza namna ya kulitoa gari lililozama kwenye tope. Mara ya kwanza alisimama kabisa mahali pa kutaja koleo. Alijua anachotaka, alikiona machoni, neno "spade" likagoma. Baada ya kimya kirefu akasema "the thing for digging" na kuendelea. Mara ya pili alisema "the thing for digging" bila kusita. Mara ya tatu habari yote ilitoka kwa mkupuo mmoja, na darasa zima lilielewa gari lilivyotoka. Neno "spade" nilimpa baadaye. Alikuwa amekwisha kujifunza jambo kubwa kuliko neno hilo: kwamba sentensi inaweza kusonga mbele hata neno moja likikosekana.

Watu wananicheka. Nifanyeje?

Kwanza tusidanganyane kwamba hawacheki. Wanacheka. Mzungu akija hapa akasema "mimi nataka kula wewe chakula" tunampigia makofi na kumwambia anajua Kiswahili. Mwenzetu akikosea Kiingereza mbele ya maikrofoni, tunamrekodi na kumsambaza WhatsApp. Hili linaniuma, kwa sababu najua linavyowafunga watu midomo. Asili yake ni kwamba tumekifanya Kiingereza kuwa kipimo cha usomi, kwa hiyo anayechanganya "was" na "were" anaonekana hajasoma, hata kama ni fundi ambaye hakuna injini inayomshinda. Na ukichunguza, anayecheka kwa sauti kubwa mara nyingi naye haongei. Amepata pa kujificha.

Wale unaotaka kuongea nao kwa kweli hawakucheki. Wageni wengi wanaoshuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ni Wajerumani, Wafaransa, Waitalia, Wahispania, Wachina. Kiingereza chao nao wamejifunza, nao wanatafuta maneno. Mgeni anataka kujua maji ya moto yapo au hayapo.

Kwa vitendo: chagua mahali pa kukosea. Usianzie kwenye kikao cha ofisi au kikundi cha wanaojua. Anza na mtu mmoja unayemwamini, mkubaliane kwamba hakuna kusahihishana mpaka aliyekuwa akiongea amalize. Ukiweza kuongea na mtu huyo bila jasho, ongeza wa pili. Kazini anza na sentensi chache ulizoziandaa nyumbani, zile ambazo una hakika utazihitaji, na uzitumie kila siku hadi zitoke zenyewe. Wanaokuambia una Kiingereza cha kuombea maji waache waseme. Aliyeomba maji akapewa maji, ameongea Kiingereza.

Nianze na sarufi kwanza?

Hapana. Sarufi ifuate nyuma ya kuongea, ikisafisha. Kwa mazungumzo ya kila siku, ukiwa na wakati uliopo, uliopita, ujao, na namna ya kuuliza na kukana, unaweza kuishi siku nzima. Wapo watu wanaoweza kukuchambulia jedwali zima la nyakati na hawajawahi kununua tiketi kwa Kiingereza.

Sarufi inakuwa muhimu mahali ambapo kosa linageuza maana. Hayo nimeyaeleza hapa chini.

Makosa gani hasa yanatusumbua sisi tunaofikiri kwa Kiswahili?

La kwanza ni kujibu swali la kukana. Kwetu mtu akiuliza "Hujala?" na kweli hujala, unajibu "Ndiyo, sijala", yaani umemkubalia alichosema. Kwa Kiingereza jibu linafuata ukweli wa jambo lenyewe: hujala, basi ni "No". Sasa mfikirie mpokeaji wageni anayeulizwa "You don't have any rooms?" Vyumba vimejaa, naye kwa heshima anajibu "Yes". Mgeni anashusha mabegi. Nimeliona kosa hili kwa watu wenye Kiingereza kizuri kabisa, kwa sababu limejificha. Dawa yake ni kutoishia kwenye neno moja. Sema "No, we are full" au "Yes, we have one". Sentensi kamili inakuokoa hata ukianza na neno lisilo sahihi.

La pili ni saa. Sisi siku yetu inaanza jua likichomoza, kwa hiyo saa mbili asubuhi kwa Kiingereza ni "eight". Kila mtu anajua hivyo akiwa ametulia. Tatizo linakuja kwenye simu, haraka haraka, mtu anapomwambia mgeni "I will pick you at two" akiwa na maana ya saa mbili asubuhi. Jizoeze kutaja saa ya Kiingereza ukiwa unaitazama kwenye skrini ya simu, usiitafsiri kichwani, na ongeza "in the morning" au "in the evening" kila mara.

La tatu ni "he" na "she". Kiswahili hakitengi mwanamume na mwanamke katika "yeye" wala katika "a-" ya kitenzi, kwa hiyo mdomo unachukua lolote lililo karibu: "My wife, he is coming." Kosa hili haliondoki kwa kuelezwa, maana kila mtu tayari analijua. Linaondoka kwa zoezi la kuchosha kidogo: chukua picha za familia kwenye simu, elezea mtu mmoja mmoja kwa sauti, huyu anafanya nini, anaishi wapi, anapenda nini. Babu, shangazi, mjomba, bibi, ukibadilisha jinsia kila mara. Fanya hivyo kila jioni mpaka ulimi uchague wenyewe.

La nne ni adabu. Kiswahili kina "naomba", na hata "nipatie" ikisemwa kwa sauti nzuri ina heshima yake. Ukiigeuza moja kwa moja kuwa "Give me your passport", mgeni anasikia amri ya polisi. Kariri "Could I have…" kama kitu kimoja, usikichambue: "Could I have your passport?", "Could I have some water?" Hilo peke yake litabadilisha namna watu wanavyokupokea.

Makosa ya "a" na "the" yataendelea kuwepo kwa miaka. Yaache. Hakuna mteja aliyewahi kuondoka kwa sababu ya "the".

Lafudhi yangu ni ya Kiswahili, au ya kikwetu. Niibadilishe?

Usiibadilishe. Jitahidi ueleweke tu. Yule anayejikunja ulimi ili asikike Mmarekani mara nyingi ndiye tunayeshindwa kumwelewa, sisi na Mmarekani mwenyewe.

Kuna mambo mawili yanayostahili jasho lako. Moja ni irabu. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu karibu 20. Kwa hiyo maneno mengi ya Kiingereza yanaangukia mahali pamoja midomoni mwetu. "Bird" inakuwa kama "bed" au "bad", na kwa mwongoza watalii anayeonyesha ndege mtini hilo si dogo. "Live" na "leave" zinafanana, "hat", "hut" na "heart" zinafanana, "work" inakaribia "walk". Usijifunze irabu zote 20. Chukua maneno kumi ya kazi yako ambayo watu hukuomba uyarudie, usikilize yanavyotamkwa kwenye kamusi yenye sauti, uyafanyie kazi hayo tu.

Jingine ni mkazo. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kukosa: kitabu, nyumbani, anakuja. Kiingereza kinauhamisha ovyo kutoka neno hadi neno, na msikilizaji wake anautegemea kuliko tunavyodhani. Sema "comfortable" kwa kukazia "ta" na mgeni atakunja uso. Kazia "com" mwanzoni, umeze zilizobaki, ataelewa hata kama irabu zako ni za Kiswahili tupu. Kila unapoandika neno jipya, pigia mstari silabi inayokaziwa.

Pia tuna tabia ya kumalizia maneno kwa irabu, "miliki" badala ya "milk", kwa kuwa Kiswahili kinataka hivyo. Jisikilize. Na tuna bahati ambayo Mfaransa na Mjerumani hawana: sauti ya "think" iko kwenye "thelathini", na ya "this" iko kwenye "dhahabu". Ila uzitamke hivyo kweli, maana bara wengi tunasema "selasini" na "zahabu".

Nahitaji maneno mangapi?

Machache kuliko unavyoogopa. Redio ya Sauti ya Amerika ilianzisha mwaka 1959 matangazo ya Kiingereza chepesi kwa wanaojifunza, ikitumia msamiati wa maneno kama 1,500 tu, na kwa maneno hayo ilisoma habari za dunia nzima: vita, sayansi, uchaguzi. Mtu aliyemaliza kidato cha nne mara nyingi anayatambua mengi kati ya hayo. Kazi iliyobaki ni kuyahamisha kutoka masikioni hadi mdomoni.

Andika sentensi, usiandike neno pekee. "Deposit" peke yake kwenye daftari haina kazi. "You pay a deposit of fifty dollars" unaweza kuitumia kesho asubuhi. Na uirudie kwa kupishanisha siku: leo, kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, na kwamba marudio yaliyotawanywa yanashika kuliko kukesha usiku mmoja.

Sina mtu wa kuongea naye. Nitajizoezaje?

Ongea peke yako, kwa sauti. Kimoyomoyo haitoshi, kwa sababu kinachotakiwa kuzoea ni mdomo. Unapoosha vyombo sema unachofanya. Ukiwa njiani kurudi nyumbani, jieleze siku ilivyokwenda. Tumia kinasa sauti cha simu: jirekodi dakika moja, sikiliza, jirekodi tena. Wengi wanachukia kusikia sauti yao mara za kwanza, halafu wanaizoea, na kuizoea sauti yako ikiongea Kiingereza ni nusu ya kujiamini kwenyewe.

Mkiwa wawili kazini mnaotaka kujifunza, tengeni dakika za chai. Msiseme "tuongee Kiingereza" tu, maana baada ya "How are you?" mtakaukiwa. Wekeni mada kila siku: bei zilizopanda, mechi ya jana, mteja msumbufu, jinsi kila mmoja alivyofika mjini. Wauzaji wa sokoni nawashauri waigize: mmoja mteja anayebembeleza bei, mwingine mwenye duka, halafu mnabadilishana. Kubembeleza bei kwa Kiingereza kunaleta mambo yote kwa pamoja: namba, vitenzi, adabu, kukataa bila kuudhi.

Redio, YouTube na programu za simu zinasaidia?

Zinasaidia ukizitumia kwa mdomo. BBC imefundisha Kiingereza hewani tangu 1943 na leo masomo yake yako bure mtandaoni, vikiwemo vipindi vya dakika 6. Pakua kimoja mahali penye Wi-Fi ili kisimalize bando. Kisikilize chote mara moja kwa kuelewa. Halafu rudi mwanzo: cheza sentensi moja, simamisha, iseme kwa wimbo uleule na kasi ileile, endelea. Dakika 6 zinageuka nusu saa, na ukimaliza mashavu yanauma. Hapo umefanya kazi.

Programu za kubonyeza jibu sahihi ni nzuri kwa msamiati ukiwa kwenye daladala. Mtu akiniambia ana siku nyingi mfululizo kwenye programu kama hiyo, ninamuuliza lini alifungua mdomo.

Nikikwama katikati ya sentensi nifanye nini?

Usinyamaze na usiombe radhi. Kuwa na misemo mitatu ya kuvutia muda na uijue kama jina lako: "Let me think", "How do I say this", "I mean". Kisha eleza kitu kwa kazi yake, kama yule dereva na koleo lake. Kama hujamsikia mwenzako, sema "Sorry, could you say that again?" Hata wazawa wa Kiingereza huambiana hivyo siku nzima.

Nina usaili wiki ijayo. Nifanye nini kwa siku zilizobaki?

Usijifunze kitu kipya. Chukua unachojua, ukisugue.

Karibu kila usaili unaanza na "Tell us about yourself", na karibu kila mtu anajibu kwa kutaja alikozaliwa, shule ya msingi, sekondari, na idadi ya ndugu. Wanaokusaili wameshayaona hayo kwenye CV. Andaa vitu vitatu tu: unafanya nini sasa, jambo moja uliloliweza, na kwa nini umekuja hapo. Kwa mfano: "I worked at the front desk of a lodge for three years. Most days I checked in about twenty guests. I am here because I want to learn reservations." Sentensi fupi, vitenzi vya kawaida, na kila neno unaweza kulitetea wakikuuliza zaidi. Sentensi ndefu uliyoiokota mtandaoni kuhusu "dynamic team player" itakuangusha kwenye swali la pili.

Zifanyie zoezi la nne-tatu-mbili kila jioni. Usizikariri neno kwa neno. Ukisahau moja, zote zitaanguka. Kumbuka pia kwamba mara nyingi waliokaa upande wa pili wa meza nao walipita njia uliyopita wewe, notisi za ubaoni na yote.

Watoto wangu wa shule ya Kiingereza wananisahihisha, wakati mwingine mbele ya wageni. Naona aibu.

Akina mama hunieleza hili kwa sauti ya chini, darasa likishatoka, na naliheshimu. Umelipa ada kwa shida ili mtoto aongee, na sasa lugha uliyomnunulia inakuweka chini yake sebuleni kwako.

Ushauri wangu ni kumgeuza awe mwalimu wako kwa saa maalumu. Mwambie: baada ya chakula, dakika kumi, wewe ni teacher. Aulize maswali, asahihishe, akupe hata alama. Watoto wanalipenda jambo hili kupita kiasi. Nje ya dakika hizo, mzazi hasahihishwi mbele za watu, kama ambavyo hasahihishwi katika lolote lingine. Mtoto anaelewa mpaka huo upesi kuliko tunavyofikiri. Na Kiswahili nyumbani msikiache. Maonyo, hadithi, mizaha na mambo mazito ya familia mtoto ayasikie kwa lugha ambayo wewe huipungukiwi.

Kuchanganya Kiswahili na Kiingereza ni vibaya?

Ukiwa na wenzako, changanya upendavyo. Ila kwenye dakika za mazoezi jizuie, kwa sababu kila ukikosa neno utakimbilia Kiswahili, na kukosa neno ndiko mahali hasa unapojifunza kuzunguka.

Kuhangaika na Kiingereza si kukidharau Kiswahili?

Kiswahili hakihitaji tukionee huruma. Umoja wa Afrika umekifanya lugha yake ya kazi mwaka 2022, na UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Lakini hapahapa Arusha ndipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake wa 1999 uliandika Kiingereza kuwa lugha rasmi, na barua za kazi, maelekezo ya dawa na mikataba ya watalii bado vinakuja kwa lugha hiyo. Nataka mtu avisome mwenyewe asitafutiwe mkalimani.

Lazima nifanye mtihani wa kimataifa wa Kiingereza kama IELTS?

Ikiwa chuo cha nje, ofisi ya viza au bodi ya taaluma yako wanautaka, ndiyo. Kama hakuna anayeutaka, hifadhi hela yako, ni nyingi. Sehemu ya kuongea ya IELTS ni mazungumzo ya dakika 11 hadi 14 na mtu mmoja, kwa hiyo mazoezi niliyoyaeleza hapa yanaihusu moja kwa moja.

Itanichukua muda gani?

Matangazo ya "Kiingereza kwa siku 30" yaliyobandikwa kwenye nguzo yanakudanganya, na yananikasirisha kwa sababu mtu akifika siku ya 31 bila kuongea anajilaumu yeye.

Ulaya wana ngazi sita za kupima ujuzi wa lugha, kutoka A1 hadi C2. Watunga mitihani wa Cambridge hukadiria saa 180 hadi 200 za masomo kufikia A2, ambapo mtu anamudu mambo ya kawaida ya dukani na njiani. Saa 350 hadi 400 kufikia B1, ambapo unaweza kujieleza kazini. Na 500 hadi 600 kufikia B2, ambapo unabishana na kushawishi. Hesabu hiyo ni ya anayeanza sifuri. Nusu saa kila siku ni kama saa 180 kwa mwaka. Wewe uliyepita sekondari una mtaji, kwa hiyo ukishika nusu saa hiyo bila kuruka, mwaka mmoja utakutoa mbali.

Nusu saa kila siku, lakini. Saa tatu na nusu za Jumapili hazifanyi kazi ileile.

Niliacha miezi kadhaa kwa sababu ya msimu wa kazi, au msiba, au mtoto. Nianze upya?

Usianze upya. Watu wakirudi wanapenda kufungua ukurasa wa kwanza wa daftari, "My name is", kwa sababu hapo hawakosei, kisha wanachoka kabla hawajafika walipoishia. Rudi kwenye habari ya mwisho uliyokuwa ukiielezea vizuri, iseme kwa dakika 4. Itakuwa mbovu. Iseme kwa 3, halafu 2. Siku inayofuata chukua nyingine. Kwa kawaida ndani ya wiki mbili hivi ulimi unakuwa umerudi, na baada ya hapo endelea na sentensi mpya za kazi yako, ukianza na zile ulizozikosa leo mchana.